Shoku: shika ngozi kabla ya kuamini presha

Wapendwa wanafunzi wa uuguzi, shoku ni viungo kukosa damu yenye oksijeni ya kutosha. Presha hushuka baadaye, mwili ukishachoka kujitetea. Mtu mzima anaweza kupoteza asilimia 20 ya damu yake na presha ikasomeka kawaida, ilhali mapigo yamepita 100.

Hatua ya 1: mguse. Bonyeza ncha ya kidole sekunde 5, achia, hesabu. Rangi ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, kuna shida. Mgonjwa aliyekuwa mtulivu sasa anavutavuta shuka, anaomba maji, anataka kushuka kitandani. Tafadhali usimwite msumbufu. Huenda ubongo wake unakosa damu.

Hatua ya 2: tazama shingo. Ngozi baridi na mishipa ya shingo bapa: damu au maji yamepungua. Ngozi baridi na mishipa imetuna: moyo umeshindwa kusukuma, au kuna kizuizi, kama hewa iliyonaswa kifuani, damu kwenye mfuko wa moyo, au bonge la damu mapafuni. Ngozi ya joto: mishipa imelegea kwa maambukizi, mzio au jeraha la uti wa mgongo. Kwenye jeraha la uti, mapigo mara nyingi huenda polepole.

Hatua ya 3: ita msaada, kisha tenda. Oksijeni, kanula (mirija ya mshipani) mbili nene, katheta (mpira wa mkojo). Mkojo chini ya mililita 0.5 kwa kilo kwa saa ni kengele.

Anayevuja damu: zuia damu kwanza, agiza damu mapema. Maambukizi: chukua damu ya kuotesha vijidudu maabara, antibiotiki ndani ya saa 1, dripu mililita 30 kwa kilo ndani ya saa 3. Mzio: adrenalini miligramu 0.5 (mtu mzima) kwenye msuli wa paja, upande wa nje; rudia baada ya dakika 5 asipopata nafuu. Dawa za kutuliza muwasho zisiicheleweshe. Moyo ukishindwa, sikiliza mapafu kabla ya kufungua dripu, maana maji mengi humzamisha. Hewa iliyobana kifua hutolewa mara moja kwa sindano, bila kungoja picha.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mgonjwa wetu wa maambukizi alikuwa baridi, si wa joto. Tulikosea?*
Hapana. Joto ni la mwanzo kwa wengi. Akichelewa, au akiwa amepungukiwa maji, anakuwa baridi. Tafuta chanzo cha maambukizi.

*Anatumia dawa za kupunguza mapigo ya moyo. Mapigo ni 80, nitulie?*
Usitulie, dada. Dawa hizo huzuia mapigo kupanda. Rudi kwenye ngozi, mkojo na ufahamu wake.

*Wa mzio akijisikia nafuu, anaweza kwenda msalani?*
La. Mletee chombo kitandani. Kusimama ghafla huunyima moyo damu, na wapo waliokufa hivyo. Alale, miguu juu. Akibanwa pumzi, akae miguu ikiwa imenyooshwa.