Namna ya Kuisoma Ngome ya Kifalme ya Korea Ukiwa Tabora

Mwalimu au mwanafunzi wa Tabora anayetaka kuielewa ngome ya mlimani ya Korea asianze na picha za malango yake, ingawa ndizo zinazovutia macho, bali aanze na ardhi. Fungua ramani ya setilaiti kwenye simu, tafuta ngome ya Namhansanseong, kilomita kama 25 kusini-mashariki mwa Seoul, kisha uchore kwa penseli njia ya ukuta. Utagundua kwamba ukuta huo, wenye urefu wa kilomita 12 hivi, unapita juu ya vilele vinavyozunguka bonde lililoinuka mfano wa bakuli; nje adui anakutana na mteremko mkali, na ndani watu wana maji na mahali pa kukaa. Tia alama kwenye malango manne makuu, na usiyasahau yale madogo ya siri yaliyotumika kupitishia watu na mizigo wakati wa kuzingirwa.

Baada ya ardhi, tafuta makazi ya mfalme. Namhansanseong ilijengwa upya kuanzia mwaka 1624, watawa wa Kibudha wakishiriki katika ujenzi na ulinzi, na ndani yake ikawekwa ikulu ya muda pamoja na mahali pa kuhifadhia vibao vya kutambikia mababu wa kifalme, ili mji mkuu ukitishiwa, ufalme wenyewe uweze kuhamia mlimani. Kwa maoni yangu hili ndilo linaloitofautisha na ngome ya kawaida ya askari, na linastahili kipindi kizima cha darasa.

Kisha jiulize ngome ilifanya nini siku ilipojaribiwa. Majeshi ya Qing, dola ya Wamanchu iliyokuwa kaskazini mwa Korea, yalipoingia Korea mwishoni mwa mwaka 1636, Mfalme Injo alikusudia kukimbilia kisiwa cha Ganghwa, lakini njia ikakatwa, akaingia Namhansanseong na askari wapatao 13,000 na chakula cha siku kama 50, katikati ya majira ya baridi. Ukuta ulistahimili. Chakula kilipungua, askari wakaganda kwa baridi, jeshi la kuwaokoa halikufika, na habari zikaja kwamba Ganghwa imetekwa pamoja na watu wa familia ya mfalme. Siku ya 47 Injo alitoka kwa lango la magharibi, akaenda kusujudu mbele ya Hong Taiji, mtawala wa Qing. Kwa hiyo, kando ya mchoro wako wa ukuta, andika mambo manne: maji, chakula, njia na msaada, matatu ya mwisho ndiyo yaliyoamua.

Ngome ya Hwaseong katika mji wa Suwon, Korea, iliyojengwa na Mfalme Jeongjo kati ya 1794 na 1796, isomwe kwa sababu nyingine: kumbukumbu zake. Kitabu cha ujenzi kilichochapishwa mwaka 1801 kiliandika michoro, vifaa, gharama, hata majina ya mafundi na ujira wao, na hicho ndicho kilichowezesha kuta zilizoharibiwa kukarabatiwa katika miaka ya 1970.

Sasa rudi nyumbani. Mtemi Isike wa Unyanyembe aliilinda ngome yake hapa Tabora hadi Januari 1893, Wajerumani chini ya Tom von Prince walipoivamia, naye akalilipua ghala la baruti badala ya kushikwa. Beba daftari na kamba ndefu iliyofungwa fundo kila mita, upite kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa mzee atakayekubali kukupokea. Baada ya shikamoo na mazungumzo ya kawaida, muulize maswali yale yale manne: maji yalitoka wapi, chakula kiliwekwa wapi, njia gani ilibaki wazi, na nani alitarajiwa kuja kusaidia. Andika majibu kwa maneno yake, ukiyabakiza ya Kinyamwezi kama alivyoyatamka, na ukipata masalia ya ukuta, yapime kwa kamba bila kuyagusa.