Namna ya Kuzungumza na Daktari wa Magonjwa ya Akili ili Mwelewane

Katika tiba ya magonjwa ya akili hakuna eksirei wala kipimo cha damu kinachoonyesha ukubwa wa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, au ukali wa sauti anazozisikia mgonjwa. Vipimo vya damu hufanywa, lakini aghalabu ni vya kuhakikisha kwamba dalili hazitokani na ugonjwa mwingine, kama vile wa tezi ya thiroidi, au vya kufuatilia usalama wa dawa. Kinachobaki ni maneno ya mgonjwa, hali anayoonekana nayo, na taarifa za wanaoishi naye. Mgonjwa akijibu "naendelea vizuri tu" kwa sababu ya adabu, woga au haraka, daktari ataandika hivyohivyo katika faili, na dozi itapangwa kwa kufuata taarifa isiyo ya kweli.

Maandalizi yaanze siku chache kabla ya kwenda kliniki, na karatasi moja inatosha. Andika saa unazolala na kuamka, jinsi unavyokula, siku ulizoruka dawa, na jambo moja au mawili uliyokuwa ukiyaweza ambayo sasa yamekushinda. Kisha chagua lililo zito kuliko yote uliandike juu kabisa, kwa maana mengi ya maana hutajwa mgonjwa anapoinuka kuaga, wakati nafasi ya kuyachunguza haipo tena. Ikiwa ulimi unakuwa mzito mbele ya daktari, mpe karatasi hiyo aisome mwenyewe. Hilo halina aibu yoyote.

Unapoeleza dalili, sema kilichotokea, kimeanza lini na kimeathiri nini, badala ya kutoa jina la hali peke yake. Chukua mfano wa mgonjwa anayesema "nina wasiwasi" wiki moja baada ya dozi ya dawa ya kutuliza saikosisi (hali ya kupoteza uhalisia, kama kusikia sauti zisizokuwepo) kuongezwa. Neno hilo peke yake linaweza kumfanya daktari adhani ugonjwa umezidi, akaongeza dozi tena. Lakini akisema, "Daktari, tangu dozi iongezwe siwezi kutulia kitini hadi mwisho wa mlo, miguu inanilazimisha kutembea, na nikisimama nayumbayumba kutoka mguu mmoja hadi mwingine," daktari makini atashuku akathisia, yaani hali ya kushindwa kutulia, ambayo ni athari ya dawa yenyewe, na huenda dozi ikahitaji kupunguzwa. Tofauti ya maelezo hayo mawili ni kubwa mno, maana matibabu yake yanaelekea pande zinazopingana.

Kuhusu dawa, uwazi una faida kuliko utii wa mdomoni. Mgonjwa anayeacha vidonge kwa siri huonekana kama mtu ambaye dawa haikumsaidia, hivyo huongezewa nyingine juu yake. Ni afadhali kusema, "Niliacha kwa sababu nilikuwa nasinzia kazini," kwani tatizo hilo mara nyingi lina ufumbuzi, ilhali kuacha ghafla bila mpango kunaweza kuleta dalili za kukosa dawa au kurejesha ugonjwa. Uliza dawa itaanza kusaidia baada ya muda gani. Dawa nyingi za sonona huchukua wiki kadhaa kabla nafuu haijadhihirika, hali kichefuchefu na maudhi mengine yanaweza kutangulia siku za mwanzo, na asiyeelezwa hilo hukata tamaa mapema. Kupungua kwa hamu au nguvu za tendo la ndoa ni athari inayojulikana ya dawa nyingi za aina hii, na wengi huacha matibabu kwa sababu yake bila kumwambia mtu yeyote. Itaje hata kama daktari hakuuliza. Taja pia kila dawa nyingine unayotumia, pamoja na mitishamba, pombe na sigara. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza mabadiliko makali ya hisia, kwa mfano, anaweza kupandisha kiwango chake katika damu hadi cha hatari kwa kumeza dawa za maumivu kama ibuprofeni au diklofenaki, na anayeacha kuvuta sigara huku akitumia klozapini, mojawapo ya dawa za saikosisi, anahitaji kumjulisha daktari mapema kwa sababu kiwango cha dawa hiyo huongezeka.

Mawazo ya kujiua ndiyo yanayofichwa zaidi. Eleza kama ni tamanio la kutokuwepo tu au kuna njia na wakati uliokwisha kuufikiria, na usingoje siku ya miadi ikiwa hatari iko karibu: nenda kwenye huduma ya dharura ukiwa na mtu. Wahudumu nao waulize waziwazi, bila kuzungukazunguka, kwa kuwa kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo.

Mzigo wa kueleweka, hata hivyo, usiachiwe mgonjwa peke yake. Mhudumu aanze kwa swali pana, anyamaze asikilize, kisha ndipo aulize maswali ya kuchuja. Mwishoni amwombe mgonjwa arudie kwa maneno yake mwenyewe walichokubaliana, kwani kutikisa kichwa si ushahidi wa kuelewa. Kwa mgonjwa anayesikia sauti, kubishana kwamba hazipo hakusaidii, na kujifanya unazisikia ni kumhadaa, ni heri kusema, "Mimi sizisikii, lakini naona zinakuchosha, zinakuamuru nini?" Tena mhudumu asilichukulie kila lalamiko la mwili kuwa ni ugonjwa wa akili, maana mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kuleta sauti na imani zisizo za kweli, naye hupata ugonjwa wa moyo na kisukari.

Kosa linaloniumiza zaidi ni mhudumu kumuuliza ndugu, "Anakula? Analala?" huku mgonjwa ameketi hapohapo. Ndugu ana taarifa muhimu, hasa mgonjwa anapokuwa haoni mabadiliko yake mwenyewe, lakini mgonjwa aulizwe kwanza, na apewe muda wa kuzungumza faraghani. Mhudumu anaweza kumsikiliza ndugu bila kutoboa siri za mgonjwa, na mgonjwa aelezwe tangu mwanzo ni katika hali gani, kama vile hatari kwa maisha, siri hiyo inaweza kuvunjwa.

Mkitofautiana kuhusu matibabu, uliza kuna njia gani nyingine na nini kitatokea ukisubiri, na ikibidi omba maoni ya daktari wa pili. Kisha, wakati hali ni tulivu, andikeni pamoja mpango wa siku mbaya: dalili zako za kwanza za kuzidiwa, dawa zilizokusaidia na zilizokudhuru, mtu wa kuitwa, na yale usiyotaka kufanyiwa. Nakala moja ikae katika faili, nyingine kwa mtu unayemwamini, na muupitie upya kila baada ya ugonjwa kurudi.