Kumfundisha mwanafunzi kupiga eko ya moyo: mkono kwanza, vipimo baadaye

Eko ni picha ya moyo inayochorwa kwa mawimbi ya sauti. Ukuta wa moyo wenye unene wa milimita 9, ukikatwa mshazari kwa nyuzi 30, husomeka milimita 10.4. Kwa mwanamume, mwisho wa kawaida ni milimita 10. Basi mtu mzima wa afya anatoka chumbani na karatasi inayosema kuta za moyo wake zimenenepa kwa presha. Akiwa wa Mkoani au Wete, kule Pemba, karatasi hiyo inaweza kumpandisha boti hadi Unguja, kisha Dar es Salaam, kwa fedha walizochangishana ukoo mzima. Mashine haikukosea. Ilipima sawasawa picha iliyokaa upande.

Ndiyo maana anayesimamia wanafunzi wa eko asiwape kitufe cha vipimo mapema. Wiki mbili za mwanzo mwanafunzi atafute picha tu: aione, aipoteze, airudie. Apime pale anapoweza kukwambia kwa kinywa chake kwa nini picha iliyo mbele yake imenyooka.

Chumba na mgonjwa

Probu ni kifaa cha mkononi kinachotoa na kupokea mawimbi hayo. Ya moyo ni ile yenye uso mdogo unaoingia kati ya mbavu, ya takriban megahezi 2 hadi 4 kwa mtu mzima. Iliyopinda ya tumbo haifai. Uso wake ni mpana na kivuli cha mbavu kitakula nusu ya moyo. Bandika waya tatu za EKG, kipimo cha umeme wa moyo, kila mara, hata kama mwanafunzi anaona zinamchelewesha. Bila EKG hajui moyo umejaa au umebana, na kipimo cha wakati usio wake hakina maana.

Mgonjwa alale ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto chini ya kichwa, mto mgongoni asirudi nyuma. Mlalo huu unausogeza moyo karibu na kidari na kuliondoa pafu njiani. Mwanafunzi anayehangaika dakika kumi bila picha, mara nyingi mgonjwa wake amekwisha kurudi nusu chali bila mtu kugundua. Kabla ya kugusa kitufe chochote, tazama mgongo wa mgonjwa.

Sitara si jambo la pembeni visiwani kwetu. Mgonjwa aliyejikaza kwa haya hapumui vizuri, na picha hufa. Pazia livutwe, mlango ufungwe, na mgonjwa wa kike apimwe na mwanafunzi wa kike akipatikana. Asipopatikana, awepo mwanamke mwengine chumbani. Kanga ifunike kifua, ifunguliwe pale tu probu inapopita. Mwanafunzi aamkie kwanza, kisha aseme atakalofanya:

“Shikamoo bibi. Mimi ni mwanafunzi, mwalimu wangu huyu hapa. Naomba ruhusa yako nikupime moyo kwa mashine hii. Haiumi, ila jeli ina ubaridi kidogo. Ukichoka niambie tupumzike.”

Bibi akisema “marahaba mwanangu, endelea,” ndiyo ruhusa. Akinyamaza, uliza tena. Chupa ya jeli iwekwe mapema kwenye bakuli la maji ya vuguvugu. Baridi humfanya mtu akunje misuli ya kifua.

Mwezi wa Ramadhani wengi huuliza kama kipimo kinaharibu saumu. Jeli inapakwa juu ya ngozi, hakuna kinachoingia mwilini. Lakini kumbuka kwamba aliyefunga tangu alfajiri, akipimwa saa tisa alasiri, anaweza kuwa amepungukiwa maji, na mshipa mkubwa wa chini, unaorudisha damu moyoni, ukaonekana mwembamba kuliko siku nyingine. Saa ya kipimo iandikwe.

Tatizo la “saa kumi”

Vitabu vya kigeni huelekeza alama iliyo ubavuni mwa probu kwa saa ya ukutani, na picha ya kwanza wanaielekeza saa kumi. Sasa mwambie mwanafunzi wetu “elekeza saa kumi”. Kichwani mwake saa kumi ni alasiri, na mshale umesimama kwenye namba 4. Anaielekeza huko, yaani kinyume kabisa, na picha inatoka imegeuzwa. Kosa si lake. Saa yetu na ya kitabu zimepishana kwa saa sita, na saa sita ni nusu ya duara.

Acha saa, tumia mwili. Picha ndefu ya pembeni mwa kidari: alama kwenye bega la kulia. Picha ya mkato wa duara: bega la kushoto. Picha ya chemba nne kutoka nchani mwa moyo: alama upande wa kushoto wa mgonjwa, inakotazama godoro. Mshipa mkubwa wa chini: alama kichwani. Mwili hauna tafsiri mbili.

Maneno ya mkono nayo yawe manne tu, na chumba kizima kiyatumie kwa maana moja. *Sogeza* ni kuhamisha probu juu ya ngozi. *Zungusha* ni kuigeuza kama ufunguo, mahali pale pale. *Inamisha* ni kulaza mkia wake ili uso utazame juu au chini ya ule mkato. *Yumbisha* ni kuupeleka mkia huku na huku ndani ya mkato uleule. Mwanafunzi afanye moja kwa wakati mmoja. Anayezungusha huku akisogeza hajui kipi kilimpa picha, na kesho hataipata tena.

Na wewe mwalimu, usimnyang’anye probu. Ni kishawishi kikubwa foleni ikiwa ndefu, lakini picha uliyoipata kwa mkono wako haikumfundisha kitu. Sema neno moja kati ya yale manne, hesabu kumi, tazama. Ikishindikana, weka mkono wako juu ya wake mwende pamoja.

Picha ndefu ya pembeni mwa kidari

Hapa ndipo pa kukaa sana, kwa kuwa aliyeijua picha hii ana msingi wa zilizobaki.

Probu iwekwe kushoto, ikigusana na ukingo wa mfupa wa kidari, nafasi ya tatu au ya nne kati ya mbavu. Kina kianze kwenye sentimita 20 au zaidi ili maji nyuma ya moyo yasipite bila kuonekana, kisha kipunguzwe hadi 15 au 16. Juu ya skrini itakuja chemba ya chini kulia, kisha ukuta wa kati, chemba ya chini kushoto, vali ya mitrali (iliyo kati ya chemba mbili za kushoto), na upande wa kulia wa skrini mlango wa aota, mshipa mkuu utokao moyoni, chini yake chemba ya juu kushoto.

Picha imenyooka ikiwa ukuta wa kati umelala sawa na sakafu na unaungana na ukuta wa mbele wa aota bila kukatika, na vali mbili, ya mitrali na ya aota, zinafunguka katika mkato mmoja. Ncha ya moyo isionekane. Ikionekana kama imejikunja ndani ya picha, mkato umekwenda mshazari. Ukuta wa kati ukipanda kama mlima, probu iko chini mno: sogeza juu nafasi moja ya ubavu. Aota inaonekana vizuri lakini chemba ya kushoto imesinyaa? Zungusha kidogo sana, nyuzi tano tu, huku na huku, ukitafuta chemba ilipo pana kuliko pote. Picha ikiwa ya ukungu, mgonjwa atoe pumzi yote na azuie kidogo. Usianze na kuongeza mwanga. Mwanga mwingi hunenepesha kuta na kuficha donge la damu.

Kipimo sasa. Kamata moyo ukiwa umejaa, mwanzoni mwa mchongoko mkubwa wa EKG. Mstari upite kwenye ncha za majani ya mitrali, yaani vipande vyake vinavyofunguka na kufunga, ukikata chemba kwa pembe mraba. Upana wa kawaida ni milimita 42 hadi 58 kwa mwanamume na 38 hadi 52 kwa mwanamke; kuta ni 6 hadi 10 na 6 hadi 9. Makosa mawili hurudi kila wiki. Mwanafunzi anaunganisha ukuta wa kati na misuli ya chemba ya kulia iliyojilaza juu yake, au anachukua nyuzi za vali akadhani ni sehemu ya ukuta wa nyuma. Dawa ni kuachia picha itembee: ukuta huwapo muda wote na hunenepa unapobana, nyuzi huja na kupotea.

Maji yakionekana nyuma ya moyo, tafuta duara la aota inayoshuka. Yaliyopita mbele yake, kati yake na moyo, yamo kwenye mfuko wa moyo. Yaliyo nyuma yake ni ya pafu. Weusi ulio mbele ya moyo tu, bila chochote nyuma ya moyo, aghlabu ni mafuta.

Mkato wa duara

Bila kuhama, zungusha nyuzi 90 kuelekea bega la kushoto. Chemba iwe mviringo kama sahani. Ikiwa yai, bado uko mshazari. Inamisha kutoka kwenye aota, pitia mitrali, shuka hadi misuli miwili inayoshika nyuzi za vali.

Usawa wa mitrali una uzito wa pekee kwetu, kwa sababu homa ya baridi yabisi bado inaharibu mioyo ya watoto wa skuli na kinamama wajawazito. Vali ambayo majani yake yameshikamana kwenye mishono hufunguka kama mdomo wa samaki, na kwenye picha ndefu jani la mbele hupinda kama goti. Anayepima eneo la tundu lazima akate kwenye ncha kabisa za majani. Akikata juu kidogo, upande wa chemba ya juu, tundu huonekana kubwa kuliko lilivyo, na mama mwenye sentimita 1.2 za mraba anaandikiwa 1.8. Vali yenye 1.5 au pungufu imebana vibaya. Mjamzito aliyekosewa hapa anaweza kujaa maji mapafuni siku ya uzazi. Mwanafunzi atembee na probu juu na chini polepole mara tatu, achukue tundu dogo kuliko yote.

Nchani

Tafuta pigo la moyo kwa vidole kwanza, kisha weka probu hapo. Kwa mwanamke mwombe mwenyewe anyanyue titi kwa mkono wake, akiwa na kanga yake. Kosa la wote ni kuweka probu juu mno, moyo ukafupika. Ncha ya kweli haichezi sana. Ncha inayorukaruka na kuonekana mviringo ni ya uongo. Sogeza chini ubavu mmoja na kuelekea kwapa mpaka chemba irefuke. Kisha zungusha kinyume cha mshale wa saa kiasi cha nyuzi 60 upate chemba mbili. Urefu wa chemba ya kushoto kwenye picha hizi mbili ukitofautiana zaidi ya asilimia 10, nguvu ya moyo isihesabiwe, rudini mkatafute.

Dopla, kipimo cha kasi ya damu, nayo inadai unyoofu uleule. Damu inayopita vali ya aota kwa mita 4 kwa sekunde ina tofauti ya shinikizo la milimita 64 za zebaki, kwa hesabu ya 4 mara kasi mara kasi. Mstari wa Dopla ukikengeuka nyuzi 30, mashine itasoma mita 3.5 hivi, na shinikizo 48. Mgonjwa wa vali iliyobana vibaya anageuka kuwa wa wastani. Kukengeuka hupunguza tu, hakuongezi. Kwa hiyo tafuteni kutoka zaidi ya dirisha moja na mchukue kasi kubwa iliyo safi. Kipimo cha kasi cha Dopla ya rangi kiwekwe kwenye sentimita 50 hadi 70 kwa sekunde, la sivyo kila vali itaonekana inavuja.

Chini ya kidari

Mgonjwa alale chali, magoti yakunjwe tumbo lilegee. Mshipa mkubwa wa chini upimwe sentimita 1 hadi 2 kabla haujaingia moyoni. Mwambie anuse kwa nguvu kama mwenye mafua. Usiozidi milimita 21 na unaosinyaa zaidi ya nusu unaashiria shinikizo dogo upande wa kulia, takriban milimita 3 za zebaki. Mpana usiosinyaa, takriban 15. Mchanganyiko wa hayo, 8. Tahadhari: mtu akinusa, mshipa huweza kuteleza nje ya mkato ukadhani umesinyaa. Ini likihama pamoja nao, rudia.

Kuhesabu maendeleo na kuandika ripoti

Miongozo ya Marekani kwa madaktari wanaosomea moyo huweka eko 75 za kupiga na 150 za kusoma kwa ngazi ya kwanza, na 150 na 300 kwa ya pili. Idadi peke yake haitoshi. Kila Alhamisi chukua eko tatu za wiki, wewe na mwanafunzi mpime kila mmoja peke yake bila kuoneshana. Upana wa chemba ukitofautiana zaidi ya milimita 5, msibishane juu ya namba. Fungueni picha muone nani alikata mshazari.

Katika ripoti, neno “kawaida” liandikwe kwa kilichoonekana tu. Vali isiyoonekana iandikwe “haikuonekana vizuri”, na sababu yake: pafu, unene, mgonjwa hakuweza kulala ubavu. Mgonjwa akipewa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, aende na picha zinazotembea, mapigo matatu kila moja, au matano na zaidi kama moyo unadunda bila mpangilio. Picha iliyosimama haimwoneshi mtu wa pili kama mkato ulinyooka.

Mwisho wa zamu jeli ifutwe kwa kitambaa laini, na probu isafishwe kwa dawa aliyoitaja mtengenezaji, kwani spiriti ya wodini huweza kupasua mpira wa uso wake. Waya wake utundikwe. Ukiachwa sakafuni, gurudumu la mashine litaukanyaga, na siku mistari myeusi itakapoanza kushuka kwenye picha, mwanafunzi atadhani ni ubavu.