Askari wa Marekani akikusimamisha barabarani: haki yako itamke

Washa indiketa, egesha pembeni kulia, zima injini, teremsha kioo. Kama ni usiku, washa taa ya ndani. Weka mikono yote miwili kwenye usukani na ubaki ndani ya gari. Marekani, dereva anayeshuka bila kuambiwa humtia askari wasiwasi, na askari huyo ana bastola. Lakini akikuamuru ushuke, shuka: Mahakama ya Juu ilimpa uwezo huo kwa dereva mwaka 1977, na kwa abiria mwaka 1997.

Leseni, kadi ya usajili wa gari na bima lazima uonyeshe. Kama ziko kwenye droo ya dashibodi, mwambie kwanza kabla hujapeleka mkono. Usimpe hata dola moja. Hiyo ni rushwa, nayo ni kosa zito kuliko la mwendokasi.

Kisha yanakuja maswali: unatoka wapi, umekunywa, humu ndani kuna nini? Marekebisho ya Tano ya Katiba yanakulinda usijitie hatiani kwa kinywa chako, ila kunyamaza tu hakutoshi. Katika kesi ya Berghuis v. Thompkins (2010), mtuhumiwa wa mauaji ya kijana mmoja alihojiwa karibu saa tatu, muda mwingi yuko kimya, bila kusema kwamba anatumia haki yake. Mwishoni aliulizwa kama anamwomba Mungu amsamehe kwa kumpiga risasi yule kijana. Akajibu "ndiyo". Neno hilo likatumika dhidi yake, na Mahakama ya Juu ikakubali. Kwa hiyo sema waziwazi: "Natumia haki yangu ya kukaa kimya. Nataka wakili." Usiseme "labda nizungumze na wakili", mwaka 1994 mahakama hiyo iliamua kwamba "labda" si ombi. Ukishakamatwa na ukamtaka wakili bila kuzungukazunguka, askari lazima aache kukuhoji. Kiingereza kikikupiga chenga, omba mkalimani wa Kiswahili.

Hapa ndipo wengi wetu tunapoumia: askari anauliza kwa upole, "Una shida nikiangalia ndani ya gari?" Malezi yetu yanatusukuma kumjibu mwenye mamlaka "haya, bwana". Hiyo tayari ni ridhaa, na halazimiki kukueleza kwamba ungeweza kukataa. Jibu: "Samahani, sikubali upekuzi." Akipekua hata hivyo, usimzuie kwa mkono wala kumfokea. Kukataa kwako ndiko kutakakompa wakili msingi wa kumwomba hakimu autupe ushahidi huo. Lakini jua kwamba askari akiona silaha haramu au dawa za kulevya kupitia dirishani, anaweza kupekua gari bila ridhaa yako wala hati ya hakimu. Simu ni jambo jingine: tangu 2014, kuipekua hata baada ya kukukamata huhitaji hati ya hakimu, isipokuwa kwa dharura. Usimtajie namba ya siri.

Akimaliza kuandika faini, uliza: "Niko huru kuondoka?" Hawezi kukushikilia zaidi ili kungoja mbwa wa kunusa bila sababu ya msingi ya kukushuku, hilo liliamuliwa mwaka 2015.

Kama si raia, usidai kamwe kuwa raia. Uongo huo unaweza kukufungia njia ya kupata ukaazi maisha yako yote.

Ukiwekwa mahabusu, simu za huko hurekodiwa. Mwambie ndugu yako uko wapi na akutafutie wakili. Yaliyotokea barabarani mweleze wakili peke yake.