Msanii Katoboa au ni Wimbo Tu? Namna ya Kumpima Nyota wa Dunia Anayechipukia

Mwaka 1983, kipindi cha kuadhimisha miaka 25 ya Motown, lebo ya muziki ya Marekani, kilipooneshwa kwenye runinga, Wamarekani wapatao milioni 47 walimwona Michael Jackson kwa usiku mmoja. Leo hakuna chaneli inayoweza kumfanyia chipukizi kazi hiyo. Super Bowl, fainali ya futiboli ya Kimarekani, bado inakusanya watazamaji zaidi ya milioni 100, ila jukwaa la mapumziko hupewa waliokwisha toboa. Ndiyo maana ubishi wa kama dunia inaweza kupata nyota mpya wa pop hauishi kijiweni. Njia nzuri ni kumshika msanii mmoja, kumfuatilia kwa namba, na kuona kama watu wanamfuata yeye au wanafuata ngoma moja.

Jedwali la wiki 12

Chagua siku moja ya wiki na usiibadilishe. Epuka Ijumaa, kwani ndiyo siku nyimbo mpya hutoka na namba huyumba. Jumatano inafaa zaidi. Fungua ukurasa wa msanii kwenye Spotify, uandike wasikilizaji wa mwezi, wafuasi, miji mitano inayoongoza, na idadi iliyo mbele ya kila wimbo kati ya kumi za juu.

Wasikilizaji wa mwezi ni watu waliomsikiliza ndani ya siku 28 zilizopita. Wimbo ukipoa, namba hii inaporomoka ndani ya wiki chache. Wafuasi hawaporomoki hivyo, kwa sababu mtu alibonyeza mwenyewe. Wasikilizaji wakiruka mara tatu huku wafuasi wakijongea tu, jina la msanii bado halijashika.

Idadi iliyo mbele ya wimbo ni jumla ya tangu ulipotoka, nayo huhesabu kila mara wimbo unaposikilizwa angalau sekunde 30. Wengi hukosea hapa: wanalinganisha jumla, wimbo wa zamani unaonekana mkubwa hata kama umeshakufa. Toa namba ya wiki iliyopita kwenye ya wiki hii. Tuseme wimbo mkuu ulikuwa 40,200,000 na sasa ni 41,000,000: umepata 800,000. Zile tisa nyingine kwa pamoja zimepata 500,000. Wimbo mmoja umebeba asilimia 62 hivi ya usikilizwaji wa wiki.

Kipimo chetu: ukizidi asilimia 60 kwa wiki 12 mfululizo, hiyo ni hiti, siyo nyota. Ukishuka chini ya 35 huku nyimbo nne au tano zikipanda zenyewe, kaa macho, huenda ni nyota. Dalili kubwa kuliko zote ni wimbo wa zamani kufufuka bila kusukumwa. Mwimbaji wa Marekani Chappell Roan alitoa albamu Septemba 2023, akafungua shoo za Olivia Rodrigo mwanzoni mwa 2024, akapita tamasha la Coachella mwezi Aprili, na alipofika tamasha la Lollapalooza la Agosti alikuta nyomi. Wimbo wake wa 2020 ukaja kuingia kumi bora za Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo Marekani, mwaka 2025. Watu walikuwa wanarudi nyuma kumtafuta.

Toa kolabo pembeni

Kolabo huwahesabia wasanii wote wawili wasikilizaji walewale, kwa hiyo mgeni mkubwa anaweza kukupandishia namba ambazo si zako. Fanya hesabu mara mbili, pamoja na kolabo na bila kolabo. Rimiksi nayo ihesabiwe peke yake. Calm Down ya Rema ilitoka Februari 2022, rimiksi na Selena Gomez ikaja Agosti, na mwaka 2023 ikashika nafasi ya 3 kwenye Hot 100. Diamond Platnumz alipofanya kolabo na Davido mwaka 2014, swali la maana lilikuwa kama Lagos itaendelea kusikiliza wimbo unaofuata ambao hauna Mnaijeria ndani.

Miji na viti

Mexico City, São Paulo na Jakarta huonekana kwenye miji mitano ya wasanii wengi mno kwa sababu Spotify ina watu wengi huko. Usishangilie. Kwa msanii wa Bongo, Dar es Salaam inaweza isionekane kabisa, maana mashabiki wake wengi wako YouTube na Boomplay. Usimhukumu kwa Spotify pekee. Na YouTube yenyewe ina mtego: video iliyolipiwa tangazo huongezeka watazamaji kihalali kabisa. Angalia chati za YouTube badala ya namba iliyo chini ya video. Tangu 2019 chati hizo hazihesabu matangazo.

Kiki hupandisha namba zote hizi, lakini haiuzi viti. Fungua ramani ya viti siku tiketi zinapoanza kuuzwa, wiki moja baadaye, na siku moja kabla ya shoo. Siku ya pili ikiongezwa, vizuri. Ukumbi ukibadilishwa kimyakimya kuwa mdogo, andika hilo kwa wino mwekundu. Burna Boy alipiga London Stadium Juni 2023, lakini London ina Wanigeria wengi, kama Muscat ilivyo na Waswahili. Kipimo kigumu ni mji ambao ndugu wa nyumbani ni wachache.

Google Trends

Huu ni ukurasa wa Google unaoonesha watu wanatafuta nini mtandaoni. Weka jina la msanii na jina la wimbo, dunia nzima, miezi 12. Kwenye jina chagua lile lenye maelezo kwamba ni mwanamuziki, la sivyo utapima na mambo mengine yanayoitwa hivyohivyo. Namba za 0 hadi 100 ni ulinganisho tu, si idadi ya watu. Unachotaka kuona ni mstari wa wimbo ukishuka na wa msanii ukibaki juu.

Wiki 12 haziwezi kukupa jibu la mwisho. Bad Bunny alikuwa anapandisha nyimbo SoundCloud mwaka 2016, akafika namba moja Marekani 2018 kwa kolabo na Cardi B, kisha akaongoza Spotify duniani 2020, 2021 na 2022 akiimba Kihispania. Billie Eilish alichukua kama miaka minne, kutoka wimbo wa SoundCloud wa 2015 hadi Grammy nne kubwa za Januari 2020. Kwa hiyo nyota bado wanazaliwa, ila polepole. Rudia jedwali kila anapotoa kazi mpya, hadi kazi ya tatu. Asilimia ya wimbo mkuu ikiwa bado juu ya 60 hapo, hamia kwa msanii mwingine.