Unataka kurudi chuo Minnesota? Soma hii kwanza kabla hujalipa hata senti

Kila mwaka ikikaribia Agosti swali ni lile lile. Mtu yuko Brooklyn Park, au Rochester, au Saint Cloud, anapiga shifti za usiku grupu homu, kachoka, anataka kurudi shule, anauliza chuo gani kizuri hapa Minnesota? Halafu watu wanamrushia majina, nenda kule alisoma shemeji, nenda huku wana nasingi, na yeye anabaki na majina kumi bila kujua aanzie wapi. Mimi naomba swali libadilike kidogo. Uliza kwanza chuo hicho ni cha nani, kiko kundi gani, kwa sababu bei, msaada wa pesa na kuhamisha krediti (vipimo vya kozi ulizomaliza) vyote vinategemea hilo. Hii naiandika kwa wale ambao tayari mnaishi Minnesota, wa viza ya mwanafunzi ya F-1 mambo yenu yana njia yake nyingine kabisa.

Haya. Vyuo vya umma vya jimbo viko kwenye mifumo miwili na watu wanaichanganya kila siku kwa sababu majina yanafanana. Wa kwanza ni University of Minnesota, wenyeji wanaiita "U" tu, ilianzishwa 1851, ina kampasi tano: Twin Cities ambayo ndiyo kubwa, Duluth, Morris, Crookston na Rochester. Mfumo wa pili unaitwa Minnesota State, huu ni mkubwa zaidi kwa idadi ya vyuo, una vyuo 33, kati yake 26 ni koleji za miaka miwili na 7 ni vyuo vikuu. Hivyo saba ni Mankato, St. Cloud, Winona, Bemidji, Moorhead, Southwest iliyoko Marshall, na Metro State pale Saint Paul. Kwa hiyo mtu akikwambia anasoma Minnesota State University Mankato, hiyo siyo tawi la U, ni mfumo mwingine, una ofisi zake na bei zake, na kwa kawaida bei iko chini kuliko ya U ya Twin Cities.

Koleji za miaka miwili ndizo nataka mzitazame vizuri maana ndizo ziko karibu na mnapokaa. North Hennepin iko Brooklyn Park hapo hapo, Hennepin Tech nayo ina kampasi Brooklyn Park na nyingine Eden Prairie, Normandale iko Bloomington, Century iko White Bear Lake, Saint Paul College na Minneapolis College ziko mjini kabisa unafika kwa basi au treni, na mlioko Rochester mna Rochester Community and Technical College (RCTC). Hizi hazina ushindani wa kuingia, ukiwa na cheti cha sekondari au GED (mtihani unaohesabika sawa na kumaliza sekondari) unapokelewa, ila programu zenyewe kama nasingi zina foleni yake, nitafika huko.

Nje ya hapo kuna vyuo binafsi visivyo vya faida (Macalester, Carleton, St. Olaf, Augsburg, Hamline, St. Thomas, St. Catherine na vingine), kuna koleji za makabila ya Wahindi Wekundu kama Leech Lake na White Earth, na kuna vyuo vya biashara vinavyoendeshwa kwa faida. Hivi vya mwisho nitavisemea chini.

Sasa pesa, na hapa naomba usiruke mstari. Tangu msimu wa masomo wa fall 2024 jimbo lina mpango unaitwa North Star Promise. Kama familia yako ina mapato chini ya dola 80,000 kwa mwaka na wewe ni mkazi wa Minnesota na hujawahi kupata digrii ya kwanza, ada na michango ya lazima kwenye chuo chochote cha umma cha jimbo au koleji ya kabila inafutwa. Chochote, hata U. Namna inavyofanya kazi ni kwamba wanachukua kwanza Pell Grant, ruzuku ya serikali kuu kwa wenye kipato cha chini, wanachukua grant ya jimbo, wanachukua skolashipu kama unayo, kisha pengo linalobaki kwenye ada ndilo wanaziba. Siyo mkopo, hurudishi. Na huhitaji kusoma fultaimu, hata krediti moja inatosha kuhesabika, kwa hiyo mama mwenye watoto watatu na kazi mbili anaweza kuchukua kozi moja moja. Usitegemee tu kwamba itakulipia kodi ya nyumba au mafuta ya gari, kazi yake ni ada.

Hiyo 80,000 siyo mshahara wako wote, ni ile AGI (mapato baada ya makato yanayoruhusiwa na kodi), mstari wa 11 kwenye fomu 1040 ya kodi. Na wanaangalia kodi ya miaka miwili nyuma, yaani ukiomba kwa mwaka wa masomo 2026-27 wanatazama kodi ya 2024. Kuna watu wanajitoa wenyewe kwa sababu mwaka huu wamepiga ovataimu nyingi wakaona wamepita kiwango, kumbe mwaka unaotazamwa walikuwa chini. Kama ni kinyume chake, ulikuwa na hela wakati ule na sasa kazi imekatika, nenda ofisi ya financial aid ya chuo uwaambie hali imebadilika, wana utaratibu wa kupitia upya, watakuomba karatasi.

Mlango wa yote haya ni FAFSA, fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa pesa za chuo. Fomu ni bure, iko onlaini, kwa kawaida inafunguliwa Oktoba kwa ajili ya mwaka unaofuata, na hakuna sababu hata moja ya kumlipa mtu dola 150 akujazie. Ukikwama, ofisi ya chuo inakaa na wewe inakujazia hapo hapo, hiyo ni kazi yao. Wanaoruhusiwa ni raia, wenye grini kadi, wakimbizi, waliopewa asailamu na wengine wachache. Kama huna hadhi hizo lakini umesoma hai skuli hapa Minnesota, usikate tamaa mapema, jimbo lina fomu yake ya MN Dream Act iliyotokana na sheria ya 2013, uliza chuo ikoje kwa sasa kabla ya kujaza.

Kitu kinachowachanganya vijana wetu: ukiwa chini ya miaka 24, hujaoa au kuolewa, huna mtoto unayemlea, fomu inataka taarifa za wazazi hata kama unajilipia kila kitu mwenyewe. Mzazi anafungua akaunti yake na anasaini kivyake, na mzazi asiye na Social Security namba naye anaweza kufungua. Kaeni chini mzungumze nyumbani mapema, kwa sababu wazee wengi wakisikia unataka kuona kodi zao wanadhani kuna jambo, na wewe unabaki unasubiri hadi madarasa yanajaa. Na kama una digrii ya nyumbani, iseme, hata kama hapa hakuna mwajiri anayeitambua, kwenye Pell inahesabika kuwa ni digrii.

Ukazi pia. Kwa kawaida ni miezi 12 mfululizo umekaa Minnesota kwa sababu isiyo ya shule tu, au umemaliza hai skuli hapa. Lakini ndugu zangu mliokuja kama wakimbizi, wa Congo na Burundi hasa, sikilizeni: kama ulipoingia Marekani ulihamia moja kwa moja Minnesota na hujaondoka, sheria ya jimbo inakutambua kama mkazi kwa ajili ya msaada huu bila kungoja hiyo miezi 12. Waambie hivyo ofisini na uwe na karatasi zako.

Ushauri wangu mimi kwa mtu mzima anayefanya kazi ni mmoja: anzia koleji ya miaka miwili iliyo karibu na kwako, halafu hamia. Najua kuna watu wanaona aibu, wanataka jina kubwa kwenye picha ya Facebook, lakini digrii ya mwisho inaandikwa jina la chuo ulichomalizia. Kinacholinda krediti zako kinaitwa Minnesota Transfer Curriculum, ni krediti 40 katika maeneo 10 ya masomo ya msingi, uandishi, hesabu, sayansi, historia na kadhalika. Ukizimaliza zote kwenye koleji moja ya umma, chuo kikuu cha umma cha jimbo kinazipokea kama furushi zima, hakikai kuchambua kozi moja moja. Ukizimaliza nusu nusu bado zinahama ila hapo maswali yanakuwa mengi. Kwa hiyo siku ya kwanza unapokaa na adivaiza (mshauri wa masomo) mwambie wazi nataka kuhamia chuo fulani fani fulani, nionyeshe Transfer Pathway yake (ramani ya kozi zinazohama), na akuandikie. Adivaiza asipoambiwa hivyo atakupanga kwenye kozi zozote zenye nafasi.

Nasingi sasa, maana najua nusu yenu ndiyo mliyoijia. Ngazi ni CNA (msaidizi wa muuguzi), kisha LPN (muuguzi wa ngazi ya chini), kisha RN (muuguzi kamili) kwa digrii ya miaka miwili, kisha BSN (digrii ya kwanza ya uuguzi). Siyo lazima upite zote. Kozi ya CNA ni ya wiki chache, na ukiajiriwa na nasingi homu inayopokea Medicare au Medicaid (bima za afya za serikali) ndani ya miezi 12 tangu umalize, sheria ya serikali kuu inawataka wakurudishie gharama ya kozi, kwa hiyo tunza risiti, watu wengi hawadai kwa sababu hawajui. Kwa RN kuna ushirikiano unaitwa MANE, koleji kadhaa zikiwemo Normandale, Century, North Hennepin na Anoka-Ramsey zinafundisha mtaala mmoja na Metro State, unaanzia koleji na kumalizia BSN bila kurudia vitu. Ni nzuri sana lakini kuingia ni kwa ushindani, alama za anatomia na kemia ndizo zinazokubeba au kukuangusha, kwa hiyo usichukue anatomia muhula ule ule unaopiga shifti saa 60 kwa wiki. Punguza saa muhula huo mmoja. Pia uwe tayari kwa ukaguzi wa historia yako wa idara ya jimbo na chanjo zote kabla ya kwenda klinikali (mazoezi ya hospitalini).

Wanaotaka ufundi, uwelda, umeme, magari, Hennepin Tech na Dakota County Tech ya Rosemount ni sehemu nzuri, na mshahara wa fundi hapa siyo wa kudharau hata kidogo. Dunwoody ya Minneapolis nayo ina sifa tangu 1914 ila ni binafsi, North Star Promise haiingii pale. Na kozi fupi isiyo na krediti, jua kwamba msaada wa aina hii kwa kawaida hauihusu, uliza kabla ya kujiandikisha.

Vyeti vya nyumbani: usikimbilie kulipa WES au ECE (mashirika ya kutathmini vyeti vya nje) kabla hujauliza chuo. Koleji nyingi kwa kuanza tu hazihitaji tathmini ya KCSE, ya NECTA au ya diplôme d'État, utahitaji pale unapotaka krediti za chuo ulichosoma huko zihesabiwe, na hapo omba ile ya kozi kwa kozi, ya jumla haitakusaidia. Cheti kimebaki vitani au kimeungua? Madarasa ya GED na Kiingereza ya watu wazima ni bure jimbo zima, uliza Adult Basic Education ya wilaya yako ya shule.

Wenye watoto hai skuli, kuna PSEO. Minnesota ilikuwa jimbo la kwanza Marekani kuanzisha hii, 1985. Mtoto wa darasa la 11 na 12 anasoma kozi za chuo wakati bado yuko hai skuli, na jimbo linalipa ada na vitabu vinavyotakiwa. Wako wanaomaliza hai skuli wakiwa na digrii ya miaka miwili mkononi. Mkumbushe tu kwamba alama hizo zinabaki kwenye rekodi yake ya chuo maisha yote, mtoto asiye tayari usimlazimishe kwa sababu mtoto wa jirani ameingia.

Na mtoto mwenye alama za juu kweli kweli, usiviogope vyuo binafsi kwa bei ya kwenye tovuti. Macalester na Carleton ada pekee imepita dola 60,000 kwa mwaka, lakini vyote viwili vinaahidi kuziba mahitaji yote ya kifedha ya mwanafunzi waliyempokea, familia ya kipato cha chini inaweza kulipa kidogo kuliko ingelipa kwingine. Kofi Annan alimaliza Macalester 1961. Kila chuo kinatakiwa kisheria kuwa na kikokotoo cha bei halisi kwenye tovuti yake, weka namba zako uone mwenyewe.

Vyuo vya faida nilisema nitarudi. Kabla ya kusaini chochote angalia kama chuo kinatambuliwa na Higher Learning Commission (shirika linalothibitisha ubora wa vyuo), kisha uliza chuo cha umma unachotaka kuhamia baadaye kama kitapokea krediti zake, jibu wakupe kwa imeili. Halafu uliza bodi ya fani yenyewe kama programu hiyo inakubalika kwa leseni. 2016 mahakama ya Hennepin iliamua kwamba Globe University na Minnesota School of Business walidanganya wanafunzi wa programu yao ya criminal justice, watu walisoma na kukopa wakidhani watakuwa mapolisi wakati programu haikuwapeleka huko. Vilifungwa, wanafunzi wakabaki na madeni. Ukiona chuo kinakupigia simu mara tano kwa siku kikitaka usaini leo, ahirisha.

Ukishaingia, linda hali yako ya SAP (kipimo cha maendeleo yako ya masomo), maana ndiyo inayoshikilia msaada wote pamoja na North Star Promise. Vyuo vingi vinataka GPA (wastani wa alama zako) isishuke chini ya 2.0 na umalize angalau asilimia 67 ya krediti unazoanza. Ukiona kozi imekushinda usiache tu kwenda darasani, hiyo inakuwa F. Wiki za kwanza kuna tarehe ya kudropu bila deni wala alama, baada ya hapo ni W (umejitoa), ambayo haishushi GPA lakini inahesabika kwenye ile 67. Msiba, ugonjwa, mtoto kulazwa, hivyo vyote unaweza kukata rufaa ukiwa na barua ya hospitali au ya msiba, na wanakubali mara nyingi kama umeomba mapema. Tarehe ya kudropu iko kwenye kalenda ya chuo, iweke kwenye simu siku ile ile unayojiandikisha.