Fasti yia injinia: wiki za kwanza ndo zinaamua

Wadogo zangu mliochaguliwa kusoma uhandisi, iwe Mlimani pale CoET, DIT, MUST Mbeya, UDOM au ATC Arusha, hongereni sana na karibuni. Naandika mapema kabla hamjafunga mabegi kwa sababu kila mwaka naona vijana wenye divisheni wani kali za PCM wanakula sapu (mitihani ya kurudia) za hesabu na statiki (somo la nguvu kwenye vitu vilivyotulia), na akili wanazo tena nyingi tu, tatizo lao ni kuchelewa kuanza.

Form six mnamaliza Mei, chuo kinafunguliwa Oktoba au Novemba, hapo katikati kuna JKT, kuna kukaa home kusubiri selekshen, mpaka unafika chuo mkono ushasahau kuintegreti. Wiki ya kwanza ni usajili na foleni ya chumba, ya pili bado unauliza ukumbi fulani uko wapi, ya tatu watu wako bize na bumu (hela ya mkopo), halafu unasikia tangazo la test 1. Semista yenyewe ni wiki 15 hivi. Pale Mlimani koswek (maksi za test na kazi za semista) ina 40 na UE (mtihani wa mwisho wa semista) ina 60, sasa ukiingia UE na koswek ya 14 jua kila swali kule ndani linakudai.

Kwa hiyo fanya hivi, wiki mbili kabla ya kuripoti toa madaftari yako ya Advance, rudia limiti, difrensiesheni, integresheni, vekta na matriksi, masaa mawili kwa siku yanatosha, na usisome kwa macho, shika kalamu. Hii ya kalamu naomba uielewe vizuri maana ndo kiini cha yote. Chuoni utakuta madesa (noti na majibu ya kurithi) kibao, steshenari zimejaa past pepa zilizosolviwa toka miaka ya kaka zako, ukisoma suluhisho la mtu unaona kila mstari unakubali, unalala na amani, kesho yake ukipewa karatasi tupu hujui pa kuanzia.

Chukua swali dogo kabisa la statiki. Mzigo wa kilo 50 umening'inizwa kwa kamba mbili, kila kamba imeinama nyuzi 30 kutoka usawa wa ulalo, je kila kamba inavutwa kwa nguvu kiasi gani? Wengi wanagawa kwa mbili haraka haraka, wanasema nusu ya uzito. Sasa chora fribodi, yaani mchoro wa kitu peke yake na nguvu zote zinazokigusa, weka nukta, uzito unashuka chini 50 mara 9.81 ambayo ni nyutoni 490.5, kamba mbili zinapanda pembeni, linganisha nguvu za wima, T ikiwa ni mvuto wa kila kamba, 2T sini 30 sawa na 490.5, sini 30 ni nusu, unapata T ni nyutoni 490.5. Yaani kila kamba inabeba sawa na mzigo mzima! Ukizilaza zaidi mpaka nyuzi 10 kila moja inafika kama 1,412. Ukishaliona hilo kwa mkono wako mwenyewe huwezi kulisahau, na hata ukipita saiti ukaona mtu anafunga mzigo kwa kamba zilizolala sana utashtuka. Chora fribodi kwa kila swali hata lile unaloliona rahisi, lekchara wengi wanatoa maksi za mchoro hata kama jibu la mwisho limeharibika.

Drowing nayo inawatesa sana waliotoka PCM kwa sababu hawajawahi kushika rula ya T. Nunua bikari nzuri mara moja, penseli 2H kwa mistari myepesi ya kujengea na HB kwa mistari ya mwisho, ufutio laini. Ujue fasti engo mapema, yaani utaratibu wa kupanga michoro ya pande za kitu, pleni (mwonekano wa juu) inakaa chini ya mwonekano wa mbele, na ukiangalia kitu kutokea kushoto mchoro wake unauweka kulia. Ukichanganya hapo umepoteza swali zima. Na hapa tafuta wenzako waliopitia diploma, wale drowing na karakana wanazijua vizuri mno ila hesabu za Advance hawajapita, wewe wafundishe integresheni wao wakufundishe projekshen, hiyo ndo diskasheni yenye faida kuliko zote. Watu wanne watano wanatosha, na kila mtu aje ameshajaribu maswali, asiyejaribu asiruhusiwe kukopi.

Karakana usiichukulie poa eti kazi ya mafundi. Ukipewa chuma na tupa ukaambiwa sawazisha pembe mraba, simama vizuri mbele ya jiliwa (kibanio cha chuma), tupa inakata ikienda mbele tu, ikirudi inyanyue kidogo, pima kila baada ya muda. Muulize fundi wa karakana, mwite fundi au mzee kwa heshima, wale wana elimu ambayo hutaipata kwenye slaidi.

Programu za C utazifanya kwa kompyuta ila mtihani mara nyingi ni karatasi, kwa hiyo zoea kuandika kodi kwa peni. Na usikimbilie laptop ya bei mbaya na bumu la kwanza. Otokadi (programu ya kuchorea) wanafunzi wanapewa leseni bure, na badala ya Matlab (programu ya hesabu) kuna Octave ya bure pia. Toka mwaka wa masomo 2022/23 kiwango cha Bodi ya Mikopo cha chakula na malazi ni hadi 10,000 kwa siku na hela inakuja kwa mkupuo, sasa ukipokea toa kwanza hela ya msosi ya kipindi chote ikae pembeni, ndo ufikirie simu.

Dada zangu, mnaweza kujikuta wachache darasani, kaeni mbele, ulizeni, na kwenye karakana msikubali kupewa kazi ya kuandika ripoti tu huku wavulana wanashika mashine.

Ukifeli test 1 usijifiche hosteli. Nenda ofisini kwa lekchara na karatasi yako, mwonyeshe ulipokwamia, sema "shikamoo mwalimu, hapa ndo nilipopotea", wengi wanasaidia ukienda na kazi mkononi. Halafu rudia pepa lile lile lote kwa kalamu wiki hiyo hiyo kabla topiki mpya hazijakufunika.

PT (mafunzo kwa vitendo kazini) anza kuomba nafasi mapema, usisubiri wiki ya UE. Ukipata, logibuku ijaze kila jioni na uchore ulichokiona siku hiyo, pampu, paneli, nondo, chochote, na vipimo vyake.